Kelele za Uwanja Mtupu

Kompyuta ya chumba cha upelelezi ilikuwa bubu. Spika zake zilikufa zamani, ombi la kununua mpya likapelekwa ngazi za juu, na huko juu likalala usingizi wa pono. Kwa hiyo Inspekta aliitazama penalti ile bila sauti, akairudia, akairudia tena, na kila alipoirudia alizidi kukasirika.

"Hajaguswa," alisema.

Koplo alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai. Alikuwa shabiki wa kufa na kupona wa timu ya nyumbani, na hakujisumbua kulificha hilo hata kazini. Kamba ya funguo zake ilikuwa na rangi za timu.

"Afande, ile ni penalti ya wazi. Hata mama mkwe wangu, ambaye mpira kwake ni fujo tu, aliruka kutoka kwenye kochi."

"Mama mkwe wako aliiona au aliisikia?"

"Kwani kuna tofauti?"

Inspekta alirudisha picha nyuma, akaisogeza mbele polepole.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu. Timu ya nyumbani ilihitaji ushindi ili ibebe kombe, na wageni walihitaji sare tu wasishuke daraja. Mashabiki hawakuwepo. Shirikisho lilikuwa limewafungia kwa kosa la kuvamia uwanja na kumchania mshika kibendera shati, kwa hiyo viti vyote vilikuwa vitupu. Lakini mpira bila kelele haunogi kwenye televisheni, na watu wa matangazo walilalamika, basi ligi ikaruhusu klabu zicheze kelele zilizorekodiwa kupitia spika za jukwaani. Dakika za lala salama, matokeo bado sare, mshambuliaji namba tisa wa timu ya nyumbani akaanguka kwenye eneo la hatari. Refa akapuliza filimbi. Penalti, goli, kombe. Wageni wakashuka daraja wakiwa wanalia.

Kisha wageni hao wakafika kituoni na picha ya nyumba ya refa. Nyumba ilikuwa imeezekwa upya. Bati lilikuwa linang'aa mpaka linaumiza macho.

Refa mwenyewe alikuwa mahabusu, chini ya ngazi. Mitaani aliitwa Rula, kwa sababu hakupinda. Alikuwa amechezesha ligi tangu ujana wake bila doa na sasa alikaribia kustaafu, na miaka yote hiyo alikataa harusi na sherehe za ndugu zake mwenyewe akisikia tu kwamba kiongozi wa timu fulani amealikwa. Kesho asubuhi alikuwa anapelekwa mahakamani kwa kupokea rushwa.

"Mtazame golikipa wa wageni," Inspekta alisema. "Mpira uko huku. Namba tisa yuko huku. Beki bado hajamfikia. Yeye kageuza uso, anatazama jukwaani. Golikipa gani anashambuliwa halafu anatazama viti?"

"Labda kaona paka."

"Lete simu yako na visikilizio."

Koplo alimtafutia mechi ileile kwenye simu. Inspekta alipachika visikilizio masikioni, akabonyeza. Namba tisa akaingia kwenye eneo la hatari, na hapo ukaja mngurumo wa watu maelfu, mngurumo wa watu walioonewa, uliojaa ghadhabu, na mkono wa Inspekta ukainuka wenyewe juu ya meza. Aliuona ukiwa hewani. Aliushusha haraka, akiwa na hasira nao.

"Umeona?" Koplo alichekelea. "Penalti!"

"Nimeona kitu kingine. Kelele zimetangulia."

"Zimetangulia nini?"

"Kuanguka. Sikiliza. Watu hupiga kelele mtu akishaanguka. Hawa wamepiga kwanza, ndipo akaanguka. Golikipa alishtuliwa na kelele hizo, akageuka. Mashabiki wako wa kwenye spika walijuaje?"

Koplo alivaa visikilizio, akasikiliza, akavivua. Kicheko kilikuwa kimemwisha.

Mkuu wa kituo aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa kupenda majalada yaliyofungwa, na alikuwa na namna ya kuyatazama yaliyo wazi iliyowafanya vijana wajione wachafu.

"Jalada la refa liko tayari?"

"Mtoaji bado, Mkuu. Tuna mpokeaji wa rushwa, lakini aliyetoa hatuna."

"Mtoaji tutamtafuta baadaye. Wananchi wanamtaka refa."

"Na bati tunajua limetoka wapi?"

"Kwani bati linaota juu ya nyumba? Limetoka kwa mtu. Andika hivyo."

Akatoka. Inspekta alichukua daftari lake na kushuka kaunta.

Kwenye benchi la kaunta alikaa mwanamke kijana, amepakata bakuli la chakula lenye mfuniko. Askari wa zamu alisema ni binti wa Rula, amekuwa akikaa pale tangu baba yake alipokamatwa, kila siku na bakuli lake. Vidole vyake vilikuwa na alama za sindano. Alikuwa fundi cherehani.

Inspekta alikaa kando yake.

"Pole, mdogo wangu. Nyumba yenu imeezekwa na nani?"

"Na mimi, dada."

"Wewe?"

"Nimeshona sare za shule nzima. Nilipolipwa nikanunua bati, kwa sababu mvua ilikuwa inatunyeshea kitandani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ananijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Kwa huyo hapo." Alimwonyesha askari wa zamu kwa kidevu. "Akaniambia nikae nisubiri kuitwa. Nimekaa."

Askari wa zamu aliinamia kitabu chake ghafla, akaanza kuandika kitu ambacho hakikuwa na haraka yoyote.

"Na baba yako kwa nini hakusema?"

"Hataki nitajwe. Anasema mtoto wake hatahojiwa na polisi kwa ajili yake." Binti alikaza mikono yake kwenye bakuli. "Dada, nikuambie kitu. Nilipokuwa darasa la tatu, mvua ilinyesha nikitoka shule, meneja wa timu moja akanipa lifti mpaka nyumbani. Baba alipojua, alinishika mkono akanirudisha kwa miguu mpaka pale nilipopandia gari, mvua ileile, halafu tukaanza upya kuelekea nyumbani. Nilimchukia wiki nzima. Leo watu wanatupigia kelele dirishani kwamba amekula bati. Mimi najua nilivyolowa siku ile."

Alisema hivyo bila kulia, na Inspekta aliona ingekuwa afadhali angelia.

Koplo alitumwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alirudi akiwa mnyonge. Mwenye duka alimkumbuka binti vizuri sana, maana alibishania bei mpaka mwenye duka akaumwa kichwa, na mwishowe akamwongezea misumari ya bure ili aondoke.

Inspekta alipeleka habari hiyo kwa Mkuu. Mkuu aliisikiliza huku akichezea kalamu.

"Kama si bati, ni kitu kingine," alisema. "Wewe mwenyewe unasema namba tisa hajaguswa. Basi ile penalti refa kaitoa wapi? Mtu mwenye miaka yote ile kazini anatoa penalti hewa, dakika za mwisho, bure tu? Niletee sababu nyingine, nitamwachia. Ukikosa, kesho anapanda kizimbani."

Uwanja ulikuwa umefungwa, nyasi zimeanza kurefuka. Mlinzi aliwafungulia Inspekta na Koplo geti la nyuma, akawapitisha chini ya jukwaa kuu, kwenye korido yenye harufu ya rangi na mkojo wa zamani. Mwisho wa korido kulikuwa na chumba kidogo cha vioo kilichotazama uwanja. Ndani yake alikaa fundi wa sauti wa klabu, kijana mnene mwenye miwani ya jua ndani ya nyumba, ambaye wote walimwita Didjei.

Mbele yake kulikuwa na ubao wa vitufe. Kila kitufe kilibandikwa kipande cha plasta nyeupe kilichoandikwa kwa kalamu ya wino. Inspekta aliinama akasoma: KUSHANGILIA. KOSAKOSA. KUZOMEA. GOLI. Kimoja plasta yake ilikuwa imechakaa mpaka herufi zinafutika: WIZI.

"Hiki ndicho kinachofanya kazi sana," alisema Inspekta.

"Mpira una wizi mwingi, afande." Didjei alicheka peke yake.

"Nibonyezee."

Didjei alibonyeza. Kutoka kwenye viti vitupu ukaja ule mngurumo, safari hii mzima, ukapita kwenye vioo, ukapita kifuani. Ndege waliokuwa kwenye nyasi waliruka wote. Koplo, bila kujua, alikuwa amekunja ngumi.

"Hizi ni sauti za lini?"

"Za fainali ile tuliyonyimwa goli. Mashabiki karibu wang'oe viti. Sauti bora kuliko zote nilizonazo."

"Na ni nani aliyekuambia uipige kabla mtu hajaanguka?"

Didjei alivua miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka.

"Hakuna aliyeniambia kabla. Niliambiwa mchezaji wetu akiguswa kwenye boksi, nipige. Meneja alisema tumezoea kupewa zile penalti za nusu kwa nusu hapa nyumbani, tangu mashabiki wafungiwe hatupewi tena, tunacheza kama wageni kwetu wenyewe. Ilikuwa kweli, afande. Watu wakiwepo, marefa wanatusikia. Watu walipoondoka, tukawa yatima."

"Sijakuuliza shida za timu. Nimekuuliza mbona umetangulia."

"Nguzo."

"Nguzo ipi?"

Aliwaonyesha. Nguzo ya zege iliyoshika paa la jukwaa ilisimama kati ya kioo na upande wa kushoto wa uwanja. Kutoka kwenye kiti cha Didjei, eneo la hatari la upande ule halikuonekana hata kidogo. Inspekta alikaa kwenye kiti hicho kuhakikisha. Aliona mstari wa pembeni, aliona kibendera cha kona, na kati ya hivyo viwili aliona zege.

"Mchezaji wetu akipotea nyuma ya nguzo, ninajua ameingia kwenye boksi," Didjei alieleza. "Nikisubiri nione ameguswa, sitaona kitu. Kwa hiyo akipotea tu, ninabonyeza. Zamani mpiga ngoma wa mashabiki alikaa kule mbele, anaona kila kitu. Chumba hiki kilijengwa kwa ajili ya matangazo ya watoto waliopotea, si kwa kazi hii."

"Na namba tisa?"

"Namba tisa ni mjanja. Alishajua. Akisikia kelele, anaanguka."

"Mlipanga naye?"

"Hatujawahi hata kusalimiana. Wachezaji hawaji huku chini." Didjei alirudisha miwani yake. "Na kabla hujaniuliza kosa langu ni lipi, nilishasoma kanuni. Inasema sauti zinaruhusiwa. Haisemi zilie wakati gani."

Inspekta alitaka sana kumfunga mtu yule kwa kosa lolote, hata la miwani. Hakuna sheria aliyoikumbuka iliyomsaidia.

Walirudi kituoni. Walipofika kwenye ngazi, Koplo aliuliza.

"Lakini afande, kombe haliwezi kurudishwa, sivyo?"

Inspekta alimtazama mpaka akainamisha kichwa.

Mkuu naye hakushawishika. Alisema spika si sababu. Alisema mtu mzima mwenye akili timamu hawezi kuamuliwa na spika, tena spika anayoijua kuwa ni spika, na kama Inspekta anaamini hivyo basi athibitishe, si kumletea hadithi za nguzo. Na ndivyo lilivyozaliwa wazo la mtihani, ambalo Inspekta hakulipenda hata kidogo.

Koplo alikusanya vipande vya mechi za zamani, za timu ambazo hazikuhusika na kesi: mabeki wakiteleza, washambuliaji wakianguka, matukio ya utata ambayo watu hubishania vibarazani. Kila kipande alikiweka mara mbili, mara moja na kelele za mashabiki wa nyumbani na mara moja bila sauti, halafu akavichanganya vyote. Spika waliiazima kantini. Mkuu alikuja mwenyewe, akasimama kwenye kona na kukunja mikono.

Rula aliletwa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mvi fupi, na ingawa alikuwa amelala sakafuni, kola ya shati lake ilikuwa imekunjwa sawasawa. Inspekta alimvutia kiti.

"Mzee, tunataka kupima jicho lako. Utatazama tukio, utaamua. Faulo, au mchezo uendelee. Basi."

"Refa haamui amekaa," alisema Rula, akakisogeza kiti kando.

Alisimama mbele ya kompyuta miguu imeachana kidogo, mikono nyuma. Tukio la kwanza lilipoonekana, uso wake ulibadilika. Uchovu ulimtoka. Alinyoosha mkono kama yuko uwanjani.

"Faulo." Kisha: "Endelea, hakuna kitu." Kisha: "Faulo, na kadi ya njano, huyu kamkata makusudi." Kisha: "Endelea. Endelea. Anajiangusha huyo, inuka bwana."

Hakusita hata mara moja. Alikuwa na uhakika kabisa, na ulikuwa uhakika wa kupendeza kuutazama, na Inspekta alijionea aibu kwa kumfanyia hivi mtu ambaye alikuwa amefurahi kurudishiwa kazi yake kwa dakika chache. Koplo alikuwa na chaki, akiweka alama ukutani. Upande wa kelele alama za faulo zilikuwa zinajipanga, upande usio na sauti zilikuwa chache. Mkuu alizitazama, akafungua mikono yake.

Ikaja tena picha ya beki aliyefunga bandeji nyeupe gotini. Safari hii haikuwa na sauti. Beki aliteleza, mshambuliaji akaanguka.

"Endelea," Rula alisema. "Kaugusa mpira kwanza."

Picha ikapita. Iliyofuata ikaanza. Rula hakuinua mkono.

"Simamisha," alisema.

Koplo alisimamisha.

"Huyo mwenye bandeji. Nilishamwona hapa."

Koplo alimtazama Inspekta.

"Nilishamwona, mwanzoni. Kulikuwa na kelele. Nilisemaje?"

"Mzee, kaa kwanza," alisema Inspekta.

"Koplo, nilisemaje?"

Koplo alitazama chaki mkononi mwake. "Ulisema faulo. Ulisema ni ya wazi."

Rula aliomba arudishiwe vyote. Walimrudishia. Alivitazama akiwa amesimama, chenye sauti na kisicho na sauti, kimoja baada ya kingine, mpaka mwisho. Ndipo akakaa.

Inspekta alimweleza: kitufe, nguzo, namba tisa anayeanguka akisikia. Alimweleza polepole, akitumaini kwamba mahali fulani katikati ya maelezo mzee angepata kitu cha kushika.

"Spika nilizikagua mwenyewe kabla ya mechi," alisema Rula. "Nilijua hakuna mtu kwenye viti vile. Nilijua. Sasa nilikuwa namwogopa nani?"

"Hukumwogopa mtu, mzee. Mwili ulisikia, ukakutangulia. Hata mimi mkono wangu uliinuka."

"Wewe si refa." Alipangusa uso. "Kuna kocha mmoja, timu ya wageni, miaka mingi sasa. Nilitoa penalti, wakashuka daraja, akaja kulia mbele yangu. Akaniambia, Rula, umesikia nini? Mimi nikampa kadi nyekundu kwa utovu wa nidhamu. Hakuniuliza nimeona nini, Inspekta. Aliniuliza nimesikia nini."

Mkuu alikohoa, akasema anadhani sababu imepatikana, akatoka.

"Mnaandika nini sasa?" Rula aliuliza.

"Kwamba hukula rushwa. Kwamba penalti ilitokana na kelele. Unaenda nyumbani leo."

"Na hiyo itasomwa?"

"Itasomwa. Waliokulalamikia watapewa majibu, na shirikisho pia."

"Naomba karatasi na kalamu."

Inspekta alimpa, akidhani anataka kuandika maelezo yake. Alimfuata Mkuu ofisini. Mkuu alikuwa ameshalikunja jalada nusu.

"Sasa nani ana kosa hapa?" aliuliza.

"Hakuna."

"Klabu?"

"Kanuni inawaruhusu. Kombe linabaki kwao."

"Na wageni?"

"Wameshashuka."

Mkuu alifikiri kidogo, au alijifanya kufikiri. "Basi mwachie," alisema. "Na jalada lifunge."

Kaunta, Inspekta alimwambia binti achukue bakuli lake, baba anatoka. Binti alisimama, bakuli likaanguka, chakula kikamwagika sakafuni, na hakukitazama hata. Alipiga kigelegele kirefu kilichopanda ngazi mpaka juu. Askari wa zamu, yuleyule aliyemwambia akae asubiri kuitwa, akapiga makofi. Wanawake waliokuja kuona ndugu zao wakaitikia vigelegele bila kujua wanashangilia nini.

Inspekta alirudi kwenye chumba cha mahojiano. Rula alikuwa ameshamaliza. Karatasi ilikuwa mbele yake, mistari imenyooka utadhani imepigiwa rula kweli. Ilisema kwamba yeye, refa, alipokea bati ili atoe penalti. Ilikuwa na sahihi.

"Hii nini, mzee?"

"Maelezo yangu."

"Ni uongo."

"Ni uongo ninaouweza." Aliongea kwa upole, kama anamwelekeza mgeni njia. "Mwizi anafungwa, anatoka, anatubu, watu wanasahau. Mwizi aliamua mwenyewe. Ukiniandikia kelele, ni nini nimewahi kuamua mimi? Mechi ipi ilikuwa yangu? Niandikie nilikula, Inspekta. Ninakuomba."

Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele yake. Hakutaka kusema alichokuwa anakwenda kukisema.

"Bati alinunua binti yako. Mwenye duka atasimama mahakamani atamtaja. Ukisema bati lilikuwa rushwa, wataniuliza nani aliyelileta nyumbani, na jina nitakalowapa ni la mwanao. Mtoaji ndiye ambaye Mkuu hana mpaka sasa. Atafurahi kumpata."

Rula aliitazama karatasi. Vigelegele vilikuwa vinapanda ngazi. Aliichukua, akaikunja katikati, akaichana kwa kuufuata mkunjo, akazichana tena zile nusu, na vipande akavipanga mezani kimoja juu ya kingine.

"Haya," alisema. "Andika kelele."

Walitembea pamoja kwenye korido. Habari ilikuwa imeshasambaa, na watu walikuwa wamejipanga pande zote mbili: askari, wahudumu wa kantini, watu wa kesi nyingine, Koplo na kamba yake ya funguo, wote wakipiga makofi. Baadhi yao walikuwa wamemtukana mzee huyu asubuhi ileile. Mwishoni alisimama binti, mikono wazi, anapiga vigelegele mpaka sauti inakatika.

Rula aliziba masikio yake kwa viganja vyote viwili. Alipita katikati yao hivyo, ameinamisha kichwa, mpaka alipomfikia mwanawe, na makofi yakafifia yenyewe kwa kukosa wa kuyapokea.

"Baba," binti alisema, anacheka na kulia, "umeshinda! Hufurahi?"

"Nyamaza kwanza, mwanangu," alisema Rula. "Nataka nijue mwenyewe kama nimefurahi."